Kutoka Couva hadi Aigle: kwa nini mwendesha baiskeli wa velodromu hujiandaa ugenini

Mwaka 2016 Trinidad na Tobago ilipata kitu ambacho mataifa mengi makubwa kuliko hiyo hayana mpaka leo: velodromu (uwanja wa mbio za baiskeli) ya ndani yenye njia ya mbao ya mita 250, urefu uleule unaotumika katika Michezo ya Olimpiki. Ilijengwa Couva, katika kisiwa cha Trinidad, na Gasparillo, mji alikotoka Nicholas Paul, hauko mbali nayo. Paul, aliyezaliwa Septemba 1998, alikuwa wakati huo kijana anayechipukia katika mbio fupi za kasi. Mtu angetarajia kwamba kijana wa namna hiyo, aliyeletewa uwanja wa kimataifa karibu na mlango wa kwao, angebaki papo hapo akijinoa mpaka siku ya ubingwa. Haikuwa hivyo. Alifunga virago akavuka Atlantiki hadi Aigle, mji mdogo wa Uswisi uliozungukwa na mashamba ya mizabibu chini ya milima ya Alpi, akaingia katika Kituo cha Dunia cha Baiskeli kinachoendeshwa na UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Tarehe 6 Septemba 2019, wiki mbili na ushee kabla hajatimiza miaka 21, alimaliza mita 200 kwa sekunde 9.100 katika ubingwa wa mabara ya Amerika huko Cochabamba, Bolivia. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuzimaliza kwa kasi hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki, safari ya mwanariadha anayejiandaa tumezoea kuiona ikielekea upande wetu. Wakimbiaji wa Ulaya, Mo Farah akiwa mmoja wao, wamepanda hadi Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wakitafuta hewa nyepesi, barabara za udongo na, zaidi ya yote, Wakenya wa kukimbia nao. Hilo la mwisho husahaulika upesi, kwa kuwa ni rahisi kupiga picha ya mlima kuliko kupiga picha ya ushindani wa saa kumi na mbili asubuhi. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo litakalofumbua safari ya Paul, lakini kabla ya kulifikia ni lazima kwanza tuifahamu baiskeli yenyewe na uwanja wake.

Baiskeli ya velodromu haina breki, haina gia za kubadilisha, na haina friwili. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli nazo huzunguka, na anayetaka kupunguza mwendo huzizuia pedeli kwa miguu au hupanda sehemu ya juu ya njia ili mwinuko ule ummalizie kasi. Gia huchaguliwa kabla ya mbio, kwa fundi kubadilisha sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo, na ikishachaguliwa haibadiliki mpaka mbio ziishe. Anayechagua gia kubwa huondoka kwa shida, lakini akishashika kasi miguu yake hubaki tulivu. Anayechagua gia ndogo huchomoka upesi, kisha mwishoni miguu huzunguka mno hata ikashindwa kuongeza lolote. Katika miaka ya karibuni washindani wa mbio za kasi wamehamia gia kubwa ambazo kizazi kilichotangulia kisingezigusa, na ndiyo sababu siku hizi wanatumia saa nyingi wakinyanyua vyuma.

Njia yenyewe ni ya ajabu kwa anayeiona mara ya kwanza. Kwenye sehemu zilizonyooka imeinama kwa nyuzi kumi na kidogo hivi, na kwenye kona huinuka mpaka zaidi ya nyuzi 40, mwinuko ambao mtu wa kawaida hawezi kuupanda bila kushikilia kitu. Baiskeli inayopita kwenye kona hizo chini ya kilomita 30 hivi kwa saa huanza kuteleza kuelekea chini, hivyo mwanafunzi hujifunza tangu siku ya kwanza kwamba usalama wake umo katika kwenda kasi, kinyume na kila alichofundishwa barabarani. Kwa kasi ya mashindano, kona humkandamiza mpandaji kwenye kiti kwa nguvu inayozidi mara mbili ya uzito wake, wakati huohuo akitakiwa kubaki sambamba na mstari mweusi uliochorwa sentimita 20 kutoka ukingo wa ndani. Mstari huo ndio unaopimia urefu wa njia. Akiuacha na kupanda hata kidogo, anaongeza mita kadhaa kila mzunguko, na katika mchezo ambamo washindi hutenganishwa kwa sehemu za elfu ya sekunde, mita kadhaa ni nyingi.

Mfano mzuri wa ufundi unaohitajika ni zile mita 200 alizovunjia rekodi Paul. Huanzi ukiwa umesimama. Mpandaji huzunguka njia akipanda polepole mpaka karibu na ukingo wa juu kabisa, kisha, kabla ya kuufikia mstari wa mita 200, hujitupa chini na kuugeuza ule mwinuko kuwa kasi. Akijitupa mapema mno, nguvu zinamwishia kabla ya mstari wa mwisho. Akichelewa, anaingia kwenye saa akiwa bado hajafikia kilele cha mwendo wake. Akiikata kona kwa pembe isiyofaa, baiskeli humsukuma nje na kumwongezea umbali. Hakuna anayeweza kuambiwa kwa maneno mahali hasa pa kujitupa, kwa kuwa panategemea gia, uzito wa mpandaji, umbo la uwanja na hata joto la siku hiyo. Hujulikana kwa kurudiwa mara mia, kocha akiwa na saa mkononi.

Kutokana na haya mtu hufikia jibu la kawaida: kijana huenda ng'ambo kwa sababu kwao hakuna uwanja. Kwa wengi jibu hilo ni la kweli. Nchi nyingi hazina velodromu yoyote, na baadhi ya zilizo nayo zina zile za zege za wazi, ndefu kuliko mita 250, zenye kona zilizolala zaidi, ambako mvua ikinyesha mazoezi yanaahirishwa na upepo ukivuma saa ya kocha haina maana. Anayefunzwa kwenye uwanja wa namna hiyo akipelekwa moja kwa moja kwenye mbao za mita 250 hukuta kona zinamfikia haraka kuliko alivyozoea. Lakini Couva ilikuwa na mbao, tena za mita 250, na velodromu ya Aigle ni fupi zaidi, mita 200 tu. Paul aliuacha uwanja uliofanana na wa mashindano akaenda kwenye uwanja usiofanana nao. Kwa hiyo jibu la uwanja, ingawa si la uongo, halimfikii yeye, na naamini haliwafikii wengi wengine.

Ili kuelewa alichokifuata, tuangalie namna siku ya mazoezi ya mpanda baiskeli wa kasi inavyokwenda. Nguvu ya sekunde kumi za kwanza za juhudi kamili hutoka hasa kwenye akiba ndogo ya kreatini fosfeti iliyomo ndani ya misuli. Akiba hiyo huisha upesi sana, na kuijaza tena huchukua dakika kadhaa za kupumzika. Mtu akirudia juhudi kabla misuli haijajaa, anakuwa anafanya zoezi la uvumilivu, na uvumilivu si anachokitafuta. Ndiyo maana mgeni akiingia velodromuni wakati wa mazoezi ya mbio za kasi anaweza kudhani watu wamekuja kukaa: mpandaji hupasha mwili, hufanya mzunguko mmoja kwa nguvu zote, kisha huketi kwenye kiti robo saa au zaidi akinywa maji. Asubuhi nzima inaweza kuwa na juhudi tano au sita tu za namna hiyo, na ukijumlisha sekunde zake zote hazifiki dakika tatu.

Sasa hapo ndipo uzito wa mambo ulipo. Ikiwa asubuhi nzima ina dakika zisizofika tatu za kazi halisi, basi kila sekunde ya hizo lazima iwe ya ukweli, na mtu akiwa peke yake ni shida kuifanya iwe ya ukweli. Mwili hujua kwamba hakuna anayeufukuza. Makocha hutumia pikipiki kumvuta mpandaji kwa kasi ambayo asingeifikia peke yake, na hilo husaidia, lakini pikipiki haina hila. Haikuangalii usoni, haijifanyi imechoka, haikufungii njia. Anayeweza kufanya hayo ni mshindani mwenye miguu inayolingana na yako au inayoizidi kidogo.

Na mbio hizi kwa sehemu kubwa ni mbio za hila. Mshindani anayeendesha nyuma ya mwingine hukingwa na upepo na huokoa sehemu kubwa ya nguvu, kwa kuwa katika kasi za velodromu karibu juhudi yote huliwa na hewa inayosukumwa mbele. Katika mbio za kasi za watu wawili mizunguko ya mwanzo huenda taratibu, mmoja akigeuza shingo kumwangalia mwenzake, pengine wakasimama kabisa juu ya baiskeli bila kuweka mguu chini, kila mmoja akitaka mwenziwe atangulie. Kisha mmoja anachomoka, na yote yanaamuliwa ndani ya sekunde kumi hivi. Kijana anayefanya mazoezi na wenzake walewale watatu au wanne mwaka mzima atajifunza kuwasoma, nao watajifunza kumsoma, mpaka mchezo unakuwa kama mazungumzo ya ndugu wa nyumba moja ambamo kila mtu anajua sentensi itakavyoisha. Siku atakapokutana na Mjapani au Mfaransa anayechomoka kutoka mahali asipopatarajia, atakuwa mgeni wa mchezo wake mwenyewe.

Keirini inalidhihirisha jambo hili zaidi. Mbio hizi zilizaliwa Kokura, Japani, mwaka 1948, na zikaingia Olimpiki mwaka 2000. Washindani sita au saba hufuata pikipiki inayoongeza mwendo kutoka kilomita 30 hadi 50 kwa saa, kisha pikipiki inajitoa zikiwa zimebaki mizunguko mitatu, na hapo kila mmoja anapigania nafasi bega kwa bega. Ili kuzifanyia mazoezi inavyostahili, unahitaji wapandaji sita wenye kiwango cha kutosha katika asubuhi moja, uwanja mmoja. Ni nchi ngapi duniani zilizo nao? Trinidad na Tobago, pamoja na historia yake ndefu na ya heshima katika baiskeli, ni taifa la watu milioni moja na nusu hivi. Keirini haifunzwi na mtu peke yake, kama vile bao lisivyofunzwa na mtu anayecheza pande zote mbili.

Aigle inatoa hicho. Kituo kilifunguliwa mwaka 2002 kwa ajili ya vijana wa nchi ambazo vyama vyao vya baiskeli haviwezi kuwapa kila wanachohitaji, na humo kijana wa Karibea hupanda baiskeli pamoja na vijana wa Asia, Afrika, Ulaya na Amerika ya Kusini, kila mmoja akiwa amekuja na tabia ya mbio ya kwao. Wanakula pamoja na wanafanya mazoezi chini ya makocha walewale, kisha mwezi unaofuata wanakutana mashindanoni wakiwa wamevaa jezi za nchi tofauti. Kocha huyaona mambo ambayo kocha wa nyumbani, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kuyaona kwa sababu hana wa kumlinganisha naye mwanafunzi wake. Wasomaji wetu wanalifahamu tunda la kituo hicho hata kama hawajawahi kulisikia jina lake: Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda mbio za Gent-Wevelgem mwaka 2022 na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, ya Tour de France mwaka 2024, alipitia Aigle, ingawa yeye ni wa barabarani. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyekuja kushinda Tour de France, alipita hapo mwaka 2007 akiwa bado na leseni ya Kenya.

Kuna sababu nyingine isiyopendeza kusimuliwa, lakini katika maisha ya kila siku ya mwanamichezo inatawala kuliko zote, nayo ni kalenda. Tiketi ya Olimpiki au ya ubingwa wa dunia katika baiskeli za velodromu haipatikani kwa kuteuliwa na chama cha nyumbani tu. Huchumwa kwa pointi, katika mashindano ya mabara na katika mfululizo wa mashindano ya kimataifa ya UCI, ambao vituo vyake vimetawanyika duniani. Fikiria ubingwa wa dunia peke yake: Roubaix 2021, Saint-Quentin-en-Yvelines 2022, Glasgow 2023, Ballerup nchini Denmark 2024. Miaka minne mfululizo ulifanyika Ulaya, mahali ambapo timu ya Aigle inaweza kupakia baiskeli garini na kufika. Anayetoka Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad na Tobago, hupanda ndege na masanduku ya baiskeli, magurudumu ya akiba na vifaa vya fundi, hulipia uzito wa ziada, kisha hukaa siku kadhaa akiuzoesha mwili saa mpya, kwani kanuni ya makocha wengi ni kwamba kila saa moja ya tofauti huhitaji takriban siku moja ya kuizoea. Ukirudia safari hiyo mara tano au sita kwa mwaka, mazoezi yenyewe yanaliwa na safari. Kwa hiyo kuishi Aigle, jambo linaloonekana kwa mbali kama anasa, mara nyingi ndiyo njia ya kusafiri kidogo.

Wiki za mwisho kabla ya ubingwa zina utaratibu wake, na hapo kambi ya ugenini huwa na faida nyingine isiyoonekana. Baada ya miezi ya vyuma vizito na kuondoka kutoka kusimama kwa gia kubwa, kocha hupunguza wingi wa kazi lakini huacha ukali wake uleule: juhudi chache, zote za kasi kamili, mapumziko marefu. Uchovu uliorundikana hushuka, na nguvu iliyokuwa imefichwa chini yake huibuka. Ni kipindi kigumu kwa akili ya kijana, kwa sababu mwili unaanza kuhisi una nguvu nyingi na anataka kufanya zaidi. Nyumbani kuna ndugu, marafiki, waandishi wa habari na harusi za wikendi. Kambini kuna kitanda, chakula na velodromu. Nadhani wazazi wengi wa wanamichezo wangekubaliana nami kwamba upendo wa watu wa nyumbani, ambao mwezi wowote mwingine ni nguzo, katika wiki mbili hizo unaweza kuwa mzigo.

Hewa nayo ina sehemu yake, na hapa watu huchanganya mambo mawili. Mkimbiaji wa mbio ndefu hupanda Iten ili mwili, ukikosa oksijeni ya kutosha, ujenge chembe nyekundu zaidi za damu. Mpanda baiskeli wa mita 200 hana haja kubwa na hilo, kwa kuwa sekunde zake kumi haziendeshwi na pumzi. Yeye hunufaika na hewa nyepesi siku ya mashindano, kwa sababu ina uzito mdogo wa kusukuma. Cochabamba iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ambako uzito wa hewa hupungua kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Ndiyo maana viwanja vya chini hupashwa joto wakati wa mashindano makubwa, velodromu ya London mwaka 2012 ikifikishwa nyuzi 28 za selsiasi hivi, kwa kuwa hewa ya moto nayo ni nyepesi. Sekunde 9.100 ni mwendo wa wastani wa kilomita 79 kwa saa. Kusema kwamba mlima ulimsaidia Paul ni kweli, ila wapandaji wengine wa siku ile walikuwa katika hewa ileile, na rekodi hiyo ilidumu mpaka Agosti 2024, pale Matthew Richardson, aliyekuwa timu ya Australia, alipopata sekunde 9.091 katika Olimpiki ya Paris, na muda mfupi baadaye Harrie Lavreysen wa Uholanzi akapata 9.088. Mwaka uliofuata Richardson, aliyekuwa amehamia timu ya Uingereza, aliishusha chini ya sekunde tisa huko Konya, Uturuki.

Mtu anaweza kusema kwamba kisa cha Paul ni kimoja tu. Kitazame basi kile cha Azizulhasni Awang, aliyezaliwa mwaka 1988 huko Dungun, katika jimbo la Terengganu, Malaysia. Tangu ujana wake alihamia Melbourne, Australia, pamoja na kocha John Beasley, na maisha yake ya utu uzima kama mwanamichezo yamepita huko. Mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 21, alitwaa medali ya fedha ya dunia katika mbio za kasi mjini Pruszków, Poland. Mwaka 2011 alianguka Manchester, kipande cha ubao cha sentimita 20 hivi kikatoboa misuli ya mguu wake kutoka upande mmoja hadi mwingine, naye akainuka, akapanda baiskeli na kumaliza wa tatu. Alipata shaba ya keirini katika Olimpiki ya Rio 2016, akawa bingwa wa dunia wa keirini Hong Kong 2017, kisha akapata fedha katika Olimpiki ya Tokyo. Malaysia ilifungua velodromu ya kisasa ya ndani huko Nilai mwaka 2017. Awang aliendelea kuishi Melbourne, kwa kuwa kule ndiko alikokuwa na kocha wake na watu wa kushindana nao, na kipindi cha majira ya mashindano cha Australia kikampa mbio za mara kwa mara bila ya kupanda ndege.

Afrika ina ushahidi wake pia. Abuja kuna velodromu ya ndani iliyojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 2003. Hata hivyo, Ese Ukpeseraye wa Nigeria alipofika Paris mwaka 2024 kwa ajili ya mbio za barabarani, kisha akapewa nafasi ya mwisho mwisho katika keirini na mbio za kasi, hakuwa na baiskeli ya velodromu. Timu ya Ujerumani ilimwazima moja, naye akawashukuru hadharani. Kitendo kile cha Wajerumani kilinigusa, na ushujaa wa Ukpeseraye wa kuingia kwenye kona za nyuzi 40 kwa baiskeli aliyokabidhiwa muda mfupi kabla ulinigusa zaidi. Lakini mtu hapaswi kufikishwa hapo. Nchi ilikuwa na mbao. Ilichokosa ni mnyororo mzima unaozifanya mbao ziwe na maana: fremu inayomfaa mpandaji, fundi anayeijua, kocha anayeipanga gia, na mwaka mzima wa mbio zinazomfanya mwanamichezo ajue miezi mingi kabla kwamba nafasi hiyo inamngojea.

Safari hizi zina gharama ambazo takwimu za medali hazizionyeshi. Kijana wa miaka 18 hukaa peke yake katika nchi ambayo haongei lugha yake, akiliwazwa na simu. Chama cha nyumbani, kwa kuona mambo yanakwenda, kinaweza kuacha kujenga cha kwake, na vijana walio nyuma yake wakabaki hawana hata wa kumwiga karibu. Pengine nchi humpoteza kabisa: Froome, mwaka mmoja tu baada ya Aigle, alichukua leseni ya Uingereza, na ushindi wake wote wa Tour de France ukaandikwa kwa bendera hiyo. Wakenya waliomjua akipanda vilima vya kando ya Nairobi pamoja na mwalimu wake David Kinjah wana haki ya kulihisi hilo. Girmay, kwa upande wake, amebaki Mweritrea, na Paul alivaa rangi za Trinidad na Tobago aliposhinda dhahabu ya keirini katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2022.

Tofauti kati ya wanaosafiri na wasiosafiri ilionekana wazi kabisa Agosti 2021, katika velodromu ya Izu, Japani, wakati wa Olimpiki ya Tokyo. Paul alifika robo fainali ya mbio za kasi na kuishia hapo. Katika fainali walibaki Lavreysen na Jeffrey Hoogland, Waholanzi wawili wanaofanya mazoezi katika timu moja, ambao tayari walikuwa wamekutana katika fainali za ubingwa wa dunia za mwaka 2019 na 2020. Lavreysen alishinda. Hakuwa na haja ya kuhamia nchi yoyote kumtafuta mtu wa kumtoa jasho, kwa kuwa mtu huyo alikuwa akimkuta kwenye mazoezi ya nyumbani, akiwa anafunga viatu vyake kwenye benchi lilelile. Na kijana wa Gasparillo, mwenye velodromu nzuri ya kwao iliyo karibu, alilazimika kuvuka bahari ili ampate mwenzake wa namna hiyo.